UZI: Mistari michache ya penseli na karatasi tupu. Tunausomaje mchoro wa mandhari wa karne ya 19?

Mleta uzi

Wakuu, salaam zenu.

Wiki iliyopita niliweka hapa jukwaani picha ya ukurasa mmoja wa daftari la mchoraji wa Uingereza, J.M.W. Turner. Mgongo wa vilima, kijiti kimoja kinachosimama badala ya mnara wa kanisa, mikwaruzo miwili mitatu upande wa chini, basi. Kilichobaki ni karatasi. Majibu yalikuja ya aina mbili. Kuna mdau alisema mwanawe wa darasa la pili angechora kuzidi hapo. Mwingine akasema ule weupe ni upweke wa nafsi, kwamba mchoraji aliitazama dunia kama mtu aliyefiwa.

Nimekaa na majibu hayo siku kadhaa. Nafundisha uchoraji, na darasani kwangu kila mwaka nawapata watu wa aina hizo mbili, kwa hiyo nisingeweza kujibu kwa sentensi mbili halafu nikalala. Mmoja haoni kitu, mwingine anaona kila kitu, na wote wamelivuka swali ambalo lilipaswa kutangulia: karatasi hii ilikuwa ya kazi gani?

Turner alizaliwa London mwaka 1775, akafariki 1851. Aliacha karatasi zaidi ya 30,000 zenye michoro na rangi za maji, pamoja na madaftari karibu 300, ambayo leo yanatunzwa jumba la sanaa la Tate, hukohuko London. Mtu hajazi madaftari 300 ili ayatundike ukutani. Mwaka 1857 mwandishi John Ruskin alipoanza kuzipanga zile karatasi, alizikuta chumba cha chini cha National Gallery, jumba jingine la sanaa la London, zimerundikwa kwenye masanduku saba ya bati. Ruskin mwenyewe alieleza hali ya karatasi hizo: vumbi, ukungu, nyingine zimeliwa na unyevu, nyingine zimetafunwa na panya. Ndiyo ujue zilikuwa vitu vya namna gani. Zilikuwa vitendea kazi, kama patasi na randa za fundi seremala, na fundi alipoondoka zilibaki pale alipoziacha.

Sasa twende Napoli mwaka 1819. Turner ana miaka 44, yuko kwenye safari ndefu ya Italia ambayo atarudi nayo na madaftari zaidi ya 20. Mtoto wa msanifu majengo John Soane alikuwa huko wakati huo, akaandika barua nyumbani. Anasema Turner yuko maeneo ya Napoli anachora michoro ya penseli ya harakaharaka, na watu wa hadhi wanashangaa itamsaidia nini. Halafu anasimulia kwamba kule Roma mchoraji mmoja chipukizi alimwomba Turner watoke pamoja wakapake rangi nje. Turner akamjibu kwa mguno kuwa kupaka rangi nje kunakula muda mno; katika muda wa mchoro mmoja wa rangi yeye angepata 15 au 16 ya penseli. Akaondoka zake.

Naomba msiipite hiyo hesabu. Kumi na tano au kumi na sita kwa mmoja. Mtu yuko mbali na kwao, barabara ni za magari ya farasi, hajui kama atarudi tena pale, na upigaji picha utatangazwa miaka 20 baadaye, mwaka 1839. Kila kilima anachokipita asipokishika leo kimekwenda. Kwa hiyo anakishika kwa kiasi kile tu ambacho kitamwezesha kukirudisha baadaye, akiwa amekaa nyumbani na rangi zake.

Mnalijua daftari la madeni la mwenye duka mtaani? "Mama J, mchele 2, bado." Mimi na wewe tukilifungua tunaona maneno matano. Mwenye duka anaiona sura ya Mama J, siku aliyokuja, mvua iliyokuwa inanyesha, na ahadi ya mwisho wa mwezi. Hakuandika mvua kwa sababu hakuihitaji. Ukurasa wa Turner una tabia hiyohiyo. Kila mstari uliopo umekuja kufanya kazi, na ambacho hakipo aidha alikibeba kichwani au hakikuwa na haja nacho.

Nitaendelea jioni. Wenye maswali yawekeni.

Jibu #4 (mdau)

Nimekaa pale mkuu. Ila kusema alikibeba kichwani ni rahisi. Ushahidi uko wapi?

Mleta uzi

Swali zuri sana hilo. Upo, na naupenda.

Mwaka 1810 Turner alikuwa mgeni wa rafiki yake Walter Fawkes, nyumba ya Farnley Hall, Yorkshire. Siku moja dhoruba ikapiga juu ya vilima vya bonde la mto Wharfe: radi, mawingu yanajiviringa, mvua inakimbia. Turner alisimama mlangoni akamwita mtoto wa nyumba, Hawksworth, aje aone. Wakati wote huo mkono wake ulikuwa unaandika maumbo na rangi za ile dhoruba nyuma ya barua. Kijana akamshauri atafute karatasi nzuri zaidi, akaambiwa hiyo inatosha. Ilipopita, Turner akamwambia kwamba baada ya miaka miwili utaiona tena, na utaiita Hannibal akivuka Alps, yaani yule jemadari wa kale wa Carthage akivusha jeshi lake milimani.

Mwaka 1812 ile picha ikaonyeshwa London. Iko Tate mpaka leo, ina upana wa karibu mita 2 na sentimita 37: jeshi la Hannibal dogo kama sisimizi chini ya wimbi jeusi la theluji na upepo. Kisa hiki kilisimuliwa na Hawksworth mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Dhoruba ya Yorkshire ilikaa miaka miwili nyuma ya barua, na nyuma ya barua hakuwezi kuenea hata nusu ya kilichomo kwenye kanvasi. Nusu nyingine ilikuwa wapi kama si kichwani?

Sasa nirudi kwenye mistari yenyewe, maana humo ndimo mna utamu.

Kwanza penseli. Tumeizoea, hatuioni tena. Waingereza walikuwa na machimbo ya grafiti safi, yale madini meusi ya ndani ya penseli, kule Borrowdale, Cumbria, tangu karne ya 16. Waliikata vipande wakaivisha mti. Vita vilipomfungia Mfaransa njia ya kuipata, Nicolas-Jacques Conté alisaga grafiti, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma tanuruni. Hataza yake, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, ni ya 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari unakuwa wa kijivu. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na mstari unakuwa mweusi. Kwa hiyo mchoraji wa karne ya 19 alikuwa na kifaa kisichomwagika, kisichohitaji maji, kinachokaa mfukoni. Rangi ya mafuta ndani ya tyubu ya bati ilikuja mwaka 1841; kabla ya hapo ilibebwa kwenye vibofu vya nguruwe. Ukijua hivyo huwezi kushangaa kwa nini mtu alitoka na penseli tu.

Pili, mkono. Angalia mstari unaanzia wapi na unaishia wapi. Hili nililielewa siku nilipojaribu mwenyewe. Nilikaa barazani Morogoro, nimeelekea Uluguru, nikajipa dakika kumi na mistari isiyozidi saba. Mstari wa kwanza nilichora mgongo wote wa juu, kushoto mpaka kulia, bila kuinua mkono. Ukawa kama uzi wa kuanikia nguo. Mlima haupo. Nikageuza ukurasa. Safari hii nilipofika pale mgongo wa mbele unapoukata wa nyuma, nikausimamisha mstari wa nyuma hapohapo, nikaanza mwingine chini yake kidogo, nikaukandamiza zaidi. Ghafla kukawa na mbele na nyuma. Kilomita kadhaa za hewa ziliingia kwenye pengo lisilofika upana wa punje ya mchele. Nilikaa nikaliangalia lile pengo muda mrefu kuliko nilivyoutazama mlima wenyewe.

Tangu siku hiyo nikikutana na mchoro wa mandhari wenye mistari michache, macho yangu hayaendi kwanza kwenye mistari. Yanaenda mahali inapokatika. Mstari unaokatika mbele ya mwingine unakwambia kipi kiko karibu. Mstari unaofifia taratibu bila kukutana na kitu unakwambia ukungu, au mwanga mkali, au kwamba mchoraji ametosheka. Mstari uliokandamizwa ghafla katikati na kuachiwa tena mara nyingi ni kivuli: pale jua halifiki. Kusanya hivyo vivuli vitatu vinne, utajua jua lilikuwa upande gani, na kama unajua mchoraji alielekea kaskazini au kusini utakaribia kujua ilikuwa asubuhi au alasiri.

Na ile mistari ya mshazari ya kujazia kivuli? Anayetumia mkono wa kulia kwa kawaida mistari yake inalala kama mkwaju huu: /. Ukiikuta imelala upande wa pili kote kwenye ukurasa, anza kufikiria mkono wa kushoto, au kwamba daftari lilikuwa limegeuzwa.

Jibu #9 (mdau)

Mimi ni mpima ardhi, sina utaalamu wa sanaa, ila naongezea jambo moja, la mstari wa upeo. Sisi tukisimama na kifaa, kila kitu kilicho usawa wa jicho la kifaa kinakaa kwenye mstari mmoja, kiwe karibu kiwe mbali. Kwa hiyo ukiona kwenye mchoro upeo wa bahari unapita kichwani mwa mtu aliyesimama ufukweni, mchoraji naye alikuwa amesimama ufukweni, jicho lake usawa wa kichwa kile. Upeo ukipita juu ya kichwa, mchoraji alikuwa mahali pa juu. Ukipita kiunoni, alikuwa amekaa chini. Huhitaji mstari mwingine wowote kumjua yuko wapi.

Mleta uzi

Mkuu #9, umenipa somo la wiki ijayo darasani, asante sana. Na umenifungulia mlango wa mtu niliyetaka kumleta.

Caspar David Friedrich, Mjerumani, alizaliwa Greifswald mwaka 1774, akaishi na kufia Dresden mwaka 1840. Huyu alitembea sana kisiwa cha Rügen na milima ya mawe ya mchanga kandokando ya mto Elbe, akichora kwa penseli. Kwenye karatasi zake aliandika tarehe, siku na mwezi, na mara nyingi akaweka alama ya mahali upeo unapopita. Hicho unachokisema, mkuu, ndicho alichokuwa anakitunza: jicho lilikuwa urefu gani. Bila alama hiyo, mwamba uliochorwa peke yake kwenye karatasi tupu ni jiwe lisilo na kimo. Linaweza kuwa la kukalia au la kupanda kwa kamba.

Mwaka 1813 Dresden ilikuwa katikati ya vita vya Napoleon, na Friedrich akajiondoa mjini akaenda kijiji cha Krippen, juu kidogo ya mto. Tarehe 3 Juni alichora kilele cha miamba mahali panapoitwa Kaiserkrone. Mwamba tu, na mipasuko yake. Pembeni hakuna kitu. Miaka kama mitano baadaye mwamba huohuo ukatokea chini ya miguu ya yule bwana wa koti la kijani anayetazama bahari ya ukungu, picha ambayo wengi wenu mmeiona hata kama hamjui jina lake, iko Hamburg. Milima inayomzunguka imetoka mahali pengine tofauti. Friedrich alikuwa anakusanya: jiwe la huku, mti wa kule, kisha anaviunganisha nyumbani.

Kwa hiyo, ukiupata ule mchoro wa Juni 1813 peke yake, unausomaje? Kuna atakayesema weupe unaouzunguka mwamba ni vita, ni mtu aliyekimbia mji wake. Naelewa kwa nini. Mimi nasita. Weupe ule ulikuwepo kwa sababu alikuwa anachukua mwamba, kama mtu anayechuma jani la kuonyesha kwa mganga. Hahitaji kubeba msitu.

Jibu #12 (mdau)

Mleta uzi, mimi ndiye niliyesema upweke. Sijakata tamaa bado. Unataka kutuambia msanii hana hisia, ni mtunza stoo? Friedrich huyohuyo ana picha ya mtawa amesimama mbele ya bahari tupu. Na huo utupu nao ni wa kuhifadhi jiwe?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hapana, na nimefurahi umeileta wewe mwenyewe.

Ile picha ya mtawa aliitengeneza kati ya 1808 na 1810, iko Berlin, ina upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Mchanga, bahari nyembamba nyeusi, anga, na mtu mmoja mdogo. Wataalamu walipoipiga mionzi ya infraredi waliona kwamba chini ya rangi kulikuwa na mashua zimechorwa. Alikuwa ameziweka baharini, kisha akaziondoa. Pale ndipo unaposema, kwa haki kabisa, kwamba utupu una maana, kwa sababu kulikuwa na kitu na akakikataa. Bahari ile iliondolewa watu kwa makusudi. Sema upweke, sema hofu ya Mungu, sema ukubwa usiopimika, nitakaa nikusikilize usiku kucha.

Kwenye karatasi ya penseli hakuna kilichoondolewa. Hakikuwekwa. Mimi naona umbali mkubwa kati ya mambo hayo mawili, na ndio umbali ninaoutetea kwenye uzi huu. Kabla ya kuupa weupe maana, nauliza: mchoraji aliufikia, au aliuacha tu pale alipoukuta?

Na hata hivyo hisia zipo kwenye mchoro wa haraka, tena nyingi, ila haziko kwenye weupe. Ziko kwenye uchaguzi. John Constable, mchoraji mwingine wa Uingereza, alikuwa na daftari mwaka 1813, lipo makumbusho ya Victoria and Albert, London, limefika huko pamoja na zawadi ya binti yake Isabel mwaka 1888. Daftari lenyewe lina sentimita 9 kwa 12 hivi. Liweke kiganjani, linakwisha. Ndani yake kuna michoro zaidi ya 200, mingine midogo kama stempu: mnara wa kanisa la Dedham, ng'ombe, jembe la kukokotwa, mti, mashua mtoni Stour. Mwaka uliofuata alimwandikia mchumba wake Maria kuhusu daftari hilo, kwamba akiliona atajua jinsi anavyotumia matembezi yake ya mapumziko, akiokota vipande vidogovidogo vya miti, majani na mandhari za mbali. Walikuwa hawajaoana bado; babu yake Maria alimkataa Constable.

Mtu aliyezaliwa kijiji cha East Bergholt anarudi East Bergholt, nchi ile ameiona tangu utoto, anaweza kuichora akiwa amefumba macho, na bado majira yote ya kiangazi anautazama mnara wa Dedham tena na tena, kila mara kwa mistari sita saba. Unataka hisia? Hizo hapo. Hesabu ni mara ngapi aliurudia mnara.

Jibu #15 (mdau)

Swali la anga. Kwenye picha uliyoweka anga ni jeupe kabisa. Ina maana siku hiyo hakukuwa na mawingu?

Mleta uzi

Hapana mkuu, na hili linawanasa wengi. Anga tupu kwenye mchoro wa penseli si habari ya hali ya hewa. Wingu haliwezi kukungoja. Ukilianza kwa penseli limeshageuka. Wachoraji walilipa wingu siku yake na karatasi yake. Constable kati ya 1821 na 1822 alikuwa anakwenda Hampstead, pembeni ya London, kuchora mawingu matupu kwa rangi ya mafuta, bila ardhi au na kipande kidogo cha ardhi, na nyuma ya nyingi aliandika tarehe, saa na upepo ulikotoka. Turner ana daftari zima la anga. Ikitokea wingu limechorwa kwenye ukurasa wa penseli wenye mistari michache, hapo simama. Amejisumbua nalo kwa sababu fulani.

Maji ni hivyohivyo. Ziwa au mto mara nyingi ni karatasi iliyoachwa na mistari miwili ya mlalo. Wanafunzi wangu huona bonde la nyasi mahali ambapo pana maji.

Na ukikuta maneno, yasome kabla ya kitu kingine chochote. Turner aliandika majina ya rangi juu ya vilima. Edward Lear, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi ya watoto, alitembea Ugiriki, Misri, Italia, India, na kwenye michoro yake aliweka namba, mahali, tarehe, mpaka saa na dakika, halafu akajaza maelezo ya rangi na vitu kwa tahajia yake mwenyewe. Karatasi ya Lear yenye maneno mengi kuliko mistari ni karatasi iliyojaa, hata kama kwa mbali inaonekana nyeupe.

Tahadhari moja ndogo kwa wanaotazama madaftari mtandaoni: penseli huhamia ukurasa wa pili kitabu kinapofungwa. Ule mlima hafifu unaouona nyuma ya mlima unaweza kuwa kivuli cha ukurasa unaotazamana nao, umegeuka kama kwenye kioo. Nimewahi kuusifia mlima wa aina hiyo mbele ya darasa zima, mpaka mwanafunzi mmoja alipofungua ukurasa wa jirani akanionyesha. Tangu hapo nafungua kurasa zote mbili.

Jibu #18 (mdau)

Vipi kuhusu kwetu? Wazungu waliopita huku karne hiyohiyo nao walichora. Michoro yao tuisome kwa njia hii?

Mleta uzi

Kwa njia hii na kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mingi hatuioni mikono yao wenyewe.

Chukua James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke kuanzia Zanzibar mwaka 1860 kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Grant alikuwa mchoraji wa msafara, penseli na rangi za maji, na michoro yake imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kitabu cha safari cha Speke kilipotoka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro ya Grant, lakini zilipitia kwanza mikono ya mchoraji mwingine na wachongaji wa mbao kule Uingereza, ili ziweze kuchapishwa. Mchongaji hakuiona Karagwe wala Buganda. Na mchongaji hawezi kuacha weupe. Ukurasa wa kitabu unauzwa, lazima ujae. Pale Grant aliposimamisha mstari, mtu wa London aliweka nyasi, wingu, hata mkao wa watu.

Kwa hiyo ukiona picha ya kitabu ya mandhari yetu ya miaka ya 1860 imejaa kila kona, jiulize kipi kilikuwa cha penseli ya aliyekuwepo na kipi kimejazwa na asiyekuwepo. Na hapa, mdau wa darasa la pili, naomba ufikirie tena. Ule ukurasa mtupu wa Turner una sifa moja ambayo picha iliyojaa inaweza isiwe nayo: hakuna mtu aliyeongeza kitu.

Jibu #21 (mdau)

Mimi ndiye wa darasa la pili. Nimesoma yote. Leo jioni nimeshuka ziwani hapa Mwanza na penseli ya mwanangu, nimejaribu mistari saba kama ulivyofanya wewe. Nimeweka picha hapo chini. Nisome.

Mleta uzi

Kaka, nimeifungua kwenye simu, kisha nikaihamishia kwenye kompyuta ili niione vizuri.

Upeo wa ziwa umeupitisha juu kidogo ya katikati ya karatasi, na unakata yale mawe karibu na kilele. Kwa hesabu ya mpima ardhi wetu wa #9, ulikuwa umesimama juu, si ufukweni. Nadhani kwenye jiwe au ngazi. Mawe matatu: la kushoto mstari wake unaishia kwenye la kati, kwa hiyo la kati liko mbele, na hapo ulipofika ukakandamiza penseli mpaka karatasi imekunjamana kidogo. Upande wa kulia wa kila jiwe mstari ni mzito zaidi. Umesema ni jioni, kwa hiyo jua lilikuwa kushoto kwako likizama, nawe umeelekea kaskazini au karibu na hapo. Maji hukuyachora kabisa, na yapo.

Kuna kitu kimoja sijakijua. Chini ya upeo, mbali, upande wa kulia, kuna kimstari kifupi mno cha mlalo, na juu yake nukta. Mistari yako saba nimeihesabu, hicho ni cha nane. Inaonekana ulikiweka mwisho, kwa sababu mkono wake ni mwepesi kuliko mingine yote. Ni mtumbwi? Kama ni mtumbwi, ulikuwa unakwenda au unarudi? Na usikifute.